Dona au sembe yenye virutubisho: kamati ya chakula ya shule inunue ipi?

#1 BiStoo
Wakuu, salamu. Naleta hoja, nipingeni kwa hesabu.

Shule ya msingi ya kutwa, wanafunzi 400, mlo mmoja wa mchana. Kipimo kwa mtoto kwa siku ni unga gramu 150, maharage gramu 40, mafuta gramu 5. Hapo mtoto anapata kalori 700 na ushee na protini gramu 22 hivi. Jikoni kwa siku ni unga kilo 60, maharage kilo 16, mafuta kilo 2. Kwa siku 90 za masomo unahitaji unga kilo 5,400, maharage kilo 1,440 na mafuta kilo 180.

Kila kamati ikikaa inagawanyika hapohapo kwenye unga. Upande mmoja dona (mahindi yanasagwa yote), upande mwingine sembe (yanakobolewa kwanza). Chukueni bei hizi za mfano, kisha kila mtu aweke za sokoni kwake: mahindi kilo sh 700, kusaga dona sh 80 kwa kilo, kukoboa na kusaga sh 120, pumba zinauzwa sh 300 kilo.

Kilo 100 za mahindi kwa dona: 70,000 + 8,000 = 78,000. Unapata unga kilo 97 hivi, yaani sh 804 kwa kilo.
Kilo 100 kwa sembe: 70,000 + 12,000, toa pumba kilo 24 (7,200) = 74,800. Unapata unga kilo 75, yaani sh 997 kwa kilo.

Tofauti ni sh 193 kila kilo. Zidisha kwa 5,400, ni zaidi ya milioni moja kwa shule moja. Maharage yakiwa sh 2,000 kilo, hiyo inanunua kilo 520, na kipimo cha mtoto kinapanda kutoka gramu 40 hadi gramu 54. Msimamo wangu: dona, na tofauti yote iende kwenye maharage.

#2 LisheKwanza
BiStoo hesabu imenyooka ila umepima shilingi tu. Kuna mambo mawili hujayaweka mezani.

La kwanza ni sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu (ukungu) kwenye nafaka. Kwenye punje ya mahindi sumu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, sehemu zilezile ambazo kukoboa kunaziondoa. Mahindi yakiwa mabaya, dona inambebesha mtoto karibu mzigo wote, sembe inapunguza sehemu kubwa. Kupika hakusaidii, sumukuvu haifi kwa moto wa jikoni. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa sumukuvu zote kwa jumla, na mikrogramu 5 kwa ile aina ya B1. Mtoto anayekula unga huohuo siku 90 mfululizo si sawa na mtu mzima anayebadilisha chakula.

La pili ni madini chuma. Kwenye karatasi dona ina chuma na zinki nyingi kuliko sembe. Tumboni, faiteti zilizomo kwenye ganda na kiini hushika madini hayo yasifyonzwe vizuri. Unga ulioongezwa virutubisho hutiwa chuma cha aina inayostahimili faiteti, pamoja na zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Hiyo B12 haimo kabisa kwenye dona, hata ukila debe zima.

Kwa shule mimi nasema sembe yenye virutubisho.

#3 Mkulima wa Ismani
Wote wawili mnajadili unga wakati tatizo limeingia na gunia. Mahindi makavu, yaliyovunwa kwa wakati na kuanikwa kwenye turubai, dona yake ni salama. Mahindi yaliyoanikwa chini kwenye udongo, yakanyeshewa, yakafungwa kwenye gunia la nailoni yangali na unyevu, hata ukikoboa mara mbili unacheza na bahati.

Kiwango cha unyevu ni asilimia 13.5 mwisho. Kama hamna mashine ya kupima, chukueni chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia punje mpaka robo, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu kabisa, funga, tikisa dakika chache, iache ikae kama dakika 10. Chumvi ikigandia kwenye kioo, unyevu umepita 15, rudisha mzigo. Chumvi isipogandia, mahindi yako karibu na ukavu wa kuhifadhika. Chumvi yenyewe iwe imekaushwa juani au kwenye kikaango kwanza, la sivyo inakudanganya.

Na nunueni wakati wa mavuno. Huku Nyanda za Juu mahindi mapya yanashuka kuanzia Juni, yakipumzika kidogo ndipo yanakauka sawasawa. Kamati inayonunua Februari inalipa bei ya njaa na kupewa yaliyobunguliwa.

#4 Mzazi Darasa la Nne
Jamani, mbona tunajitesa? Unga wa pakiti una nembo ya TBS (shirika la viwango la Tanzania), una alama ya virutubisho, una tarehe. Kiwanda kimeshapima. Nunua pakiti, funga mjadala.

#5 Mwalimu Ukambani
#4, nembo ni mwanzo tu. Hapa Kenya, Novemba 2019, KEBS (shirika letu la viwango) ilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi kwa mkupuo kwa sababu ya sumukuvu iliyozidi kiwango. Zilikuwa pakiti za dukani zenye nembo. Na sisi huku Makueni na Kitui tunakumbuka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafa, mahindi yakiwa ya nyumbani na ya sokoni. Tanzania nanyi mlipata yenu 2016, Dodoma na Manyara.

Sisi suluhu ya kienyeji ni muthokoi. Mahindi yanatwangwa au kukobolewa mpaka ganda na kiini vitoke, punje zinabaki nzima, zinachemshwa na maharage. Yale yaliyooza unayaona kwa macho kabla ya kupika. Ukishasaga huoni chochote tena.

#6 Fundi Kinu
Naomba nisahihishe kidogo upande wa mashine.

BiStoo, kilo 97 kwa dona ni kwa mahindi makavu na safi. Mahindi yenye uchafu yakichekechwa kwanza, unaanza na 96 au chini ya hapo. Na kuchekecha ni lazima. Vipande vilivyovunjika na vumbi la punje ndivyo vinavyobeba sumukuvu nyingi kuliko punje nzima. Chekeche la matundu ya milimita 4 hivi linatoa vipande na kubakiza punje. Hatua hiyo moja inagharimu nusu saa kwa magunia matano, na shule nyingi zinairuka.

Halafu dona inaharibika kwa namna wateja wasiyoijua. Unga unatoka kwenye nyundo za mashine ukiwa wa moto. Ukifungwa hapohapo kwenye mfuko wa plastiki, mvuke unaganda ndani na baada ya siku chache unga unashikana mabonge pembeni. Umwagwe kwenye turubai safi, upoe kabisa, ndipo ufungwe kwenye gunia linalopumua. Kiini kina mafuta, na mafuta yakishasagwa yanaanza kuchacha. Dona ya shule isagwe ya kutosha wiki mbili, au wiki tatu miezi ya baridi. Sembe inakaa miezi.

Jambo jingine: mwambie mwenye mashine aendeshe kilo mbili tatu za mahindi yako kwanza na uzitenge. Mabaki ya mteja aliyetangulia yamo kwenye kimbunga (chombo cha mashine kinachokusanya unga) na bomba. Wewe umeleta mahindi masafi, unaondoka na sumu ya mwenzio.

#7 LisheKwanza
#6 asante, hapo kwenye vipande vilivyovunjika umeniongezea.

#5, muthokoi ni chaguo zuri kwa sumukuvu, ila unatupa kiini chote na mafuta yake. Shule ikipika hivyo kila siku, maharage yasipungue gramu 40, tena ingefaa 50.

#8 Babu Kapu
Mimi naona mnasahau wazazi hawatoi fedha, wanatoa mahindi. Kila mtoto debe moja kwa muhula. Debe ni kilo 20, watoto 400 ni tani 8, mnahitaji tani 5.4 tu. Kuna ziada ya kulipia mashine na mpishi. Hesabu imekwisha.

#9 Mizani Sawa
Babu Kapu, shikamoo, ila debe si kilo 20. Ndoo ya lita 20 ikijaa mahindi makavu na kusawazishwa juu kwa kijiti ni kilo 15 hivi. Ikijazwa kichwa inafika 17, 18. Ndiyo maana gunia la kilo 100 ni debe 6 za kichwa. Hiyo tani 8 yako inakuwa tani 6 ikiwa wazazi wanasawazisha, na nani atajaza kichwa cha kupeleka shuleni? Toa hasara ya kuchekecha na kusaga, unabaki na tani 5.7 au chini. Ziada ni ndogo mno, na wazazi wasiotoa hujawahesabu. Pokeeni kwa kilo: mtoto mmoja anahitaji kilo 13.5 za unga kwa siku 90, mwombeni kilo 15 za mahindi. Mizani ya saa ya kuning'iniza inatosha, ipelekeni kwa Wakala wa Vipimo ikahakikiwe.

Mkinunua sokoni, msikubali lumbesa (gunia lililojazwa kupita kiasi) eti kwa sababu mnapata ziada. Lumbesa imekatazwa kisheria, na inaharibu hesabu ya stoo kwa sababu kila gunia lina uzito wake.

Lakini hatari kubwa ya mahindi ya michango si uzito. Ni kuchanganya. Kaya 400, anika 400, maghala 400. Punje moja iliyooza sana inaweza kuwa na sumu ya kutosha kuipandisha kilo nzima juu ya kiwango. Debe moja baya likimwagwa kwenye rundo, limeenea kote na huwezi kulitoa tena. Kwa hiyo mnapokea hivi: meza, turubai jeupe, wajumbe wawili. Debe linamwagwa mezani kwanza. Punje zenye ukungu wa kijani au kijivu, zilizosinyaa, nyepesi, zenye tundu, zinatolewa mbele ya mzazi. Zikizidi viganja viwili, debe lote linarudi nyumbani. Mkiona aibu kumrudishia mzazi, mtawalisha watoto wa wenzake.

#10 Babu Kapu
Marahaba. Kilo 15 nimeikubali. Kumrudishia mama mjane debe lake mbele ya watu ndipo ugumu ulipo.

#11 Mizani Sawa
Babu, mpokeeni ndani ya darasa, mmojammoja, na muwe na akiba ya kilo chache za kumfidia asiye na uwezo. Rundo halijui mjane wala tajiri.

#12 Dada Kilimohai
Niuvute uzi nyumbani kidogo. Sisi tunaonunua "vya afya" mjini, dona tunalipia zaidi ya sembe! Pakiti ya kilo 2 ya dona supamaketi ghali, na kinu cha mtaani kinasaga kwa bei ya BiStoo. Pia kuna unga lishe wa nafaka saba, mafuta ya alizeti ya kukamua, mchele wa kahawia. Kwa watoto nyumbani mnashauri nini? Naona shuleni wanaogopa, sisi tunakimbilia.

#13 LisheKwanza
Dada, tuanze na dona ya pakiti. Angalia tarehe ya kusagwa, siyo ya mwisho wa matumizi peke yake. Dona ya miezi minne rafuni imeanza kuchacha hata kama tarehe inaruhusu. Nusa, kisha onja unga mkavu kwenye ncha ya ulimi: uchungu kidogo maana yake mafuta ya kiini yameharibika. Bora nunua mahindi kilo 10, chambua mwenyewe kwenye ungo, saga kilo 5, maliza, saga tena.

Unga lishe wa nafaka saba ndio unaonitia wasiwasi kuliko vyote. Mahindi na karanga ni mazao mawili yanayoongoza kwa sumukuvu, halafu yanasagwa pamoja na kuuzwa kwa mtoto wa miezi sita. Soya isipokaangwa au kuchemshwa vizuri kabla ya kusagwa inazuia mmeng'enyo wa protini. Ulezi, mtama, ngano na mchele vikiongezwa juu yake, faiteti nazo zinaongezeka. Nafaka moja na kunde moja vinatosha. Karanga zisagwe pembeni, zilizochambuliwa, ziongezwe kwenye uji unapopikwa. Unga wenye karanga ndani unachacha haraka zaidi ya dona.

Mafuta ya kukamua kienyeji hayana vitamini A iliyoongezwa. Ya kiwandani hutiwa, nayo hupotea yakikaa kwenye chupa angavu juani. Shule inunue dumu lisilopitisha mwanga. Kwa watoto 400, dumu la lita 20 ni la siku 9. Mafuta ya kupima kutoka pipa la dukani, msinunue, hamjui yalikaa wapi wala yalichanganywa na nini.

#14 Fundi Kinu
Nyongeza kwa Dada: kuna dona za pakiti ambazo mahindi yamepitishwa kwenye kinu cha kukobolea kidogo ili unga ukae muda mrefu rafuni. Dona kamili inaonyesha chembe za ganda na vipande vyeupe vya kiini, na ukiishika kiganjani inashikana kidogo kwa mafuta. Ikiwa nyepesi na nyororo mno, umelipa bei ya dona ukapata sembe ya mkoboo mmoja.

#15 Jiko Banifu
Ninyi unga, unga. Kinachokula bajeti ya shule ni maharage na kuni. Maharage ya zamani, yaliyokaa kwenye joto na unyevunyevu, yanakuwa mawe. Bei yake ni nafuu kidogo sokoni, ndiyo maana mzabuni anayapenda, halafu unachoma kuni kwa muda wa saa tatu na bado yanang'ang'ana kwenye meno ya mtoto.

Kabla ya kupokea mzigo: chukua punje 100 kutoka magunia tofauti, loweka kwenye maji mara tatu ya ujazo wake usiku kucha, kwa muda wa saa 12. Hesabu ambazo hazijavimba. Zikizidi 10, hayo ni ya msimu uliopita au yamechanganywa. Kisha pika zilizovimba. Maharage mapya yaliyoloweshwa yanaiva ndani ya saa moja na nusu. Msichanganye maharage ya misimu miwili kwenye sufuria moja, mapya yatapondeka wakati ya zamani hayajaiva.

Maji ya kuloweshea mwageni. Maharage mekundu yachemke kwa nguvu dakika 10 za mwanzo, msiyaache kwenye moto wa chini tangu mwanzo, yana sumu yake ya asili inayotaka mchemko.

Kumbukeni pia taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 Tanzania ziliwekewa tarehe 31 Januari 2024 kuachana na kuni na mkaa. Ukihamia gesi, kila saa ya ziada ya maharage mawe inaonekana kwenye mtungi. Kwa kuni za michango mlikuwa hamuioni.

#16 Mwalimu Ukambani
Wapishi wetu wanatia magadi githeri (mahindi na maharage ya kuchemsha) iive haraka. Je, ninyi?

#17 LisheKwanza
Magadi yanalainisha kweli, ila yanaua vitamini B1, na mtoto anayeishi kwa nafaka anaitegemea hiyo. Lowesha usiku kucha, acha magadi.

#18 Jiko Banifu
#17, kitaalamu sawa. Lakini shule isiyo na maji ya kuloweshea wala stoo yenye mlango wa kufunga usiku, itaacha kilo 16 za maharage kwenye ndoo wapi? Kijiko cha magadi kinaokoa saa nzima ya moto. Mimi sitamlaumu mpishi mpaka apewe pipa lenye kifuniko na kufuli.

#19 Afisa Manunuzi
Nimesoma yote. Kuna pengo: kila mtu anaeleza bidhaa nzuri, hakuna anayeeleza mkataba unaoileta. Kamati ikiandika "mahindi meupe, daraja la kwanza, magunia 54" imeshapoteza. Iandikwe: uzito halisi kwa kilo, unyevu usiozidi asilimia 13.5 siku ya mapokezi, hakuna wadudu hai, mavuno ya msimu gani, sampuli itachukuliwa mbele ya mzabuni, mzigo uliokataliwa unaondoka kwa gharama yake ndani ya siku 3. Na muhimu, uletwe kwa mafungu, mathalani kila wiki tatu, na kila fungu lilipwe likishakubaliwa.

Chanzo cha mahindi mabaya mashuleni mara nyingi ni malipo yaliyochelewa. Mzabuni asiyelipwa miezi minne anaongeza bei ya mwaka unaofuata au anashusha ubora. Hana njia ya tatu.

Kwa fedha za umma Tanzania ununuzi unapita NeST, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni wa serikali, uliochukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS, mwaka 2023. Mkulima mmoja mmoja hana risiti ya EFD (mashine ya kodi) wala usajili, kwa hiyo anaachwa nje na dalali anaingia katikati. Njia ni AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) au kikundi kilichosajiliwa. Hapo shule inapata mahindi ya kijiji jirani yenye historia inayojulikana, na ukikataa fungu unajua ni la nani.

#20 Mkulima wa Ismani
#19 hapo kwenye malipo umegusa penyewe. AMCOS ikilipwa ndani ya wiki mbili inaweza kuwapa shule mahindi yaliyochambuliwa kwa bei ya gulio. Ikilipwa baada ya miezi minne, mkulima ameshauza kwa lori la mpakani.

#21 Mwalimu Ukambani
Na kwa wenzangu wa mpakani: gunia letu ni kilo 90, lenu ni kilo 100. Ukilinganisha bei kwa gunia unajidanganya asilimia 10. Kilo, kilo, kilo.

Nairobi wameenda njia nyingine. Mpango wa Dishi na County, tangu 2023, jiko kuu moja linapikia shule nyingi, mzazi anatoa shilingi 5, mtoto anagusisha bangili ya malipo. Anayenunua ni mmoja, kwa tani, kwa hiyo anaweza kupima kila lori kabla halijashusha. Shule moja ya watoto 400 haiwezi kubeba gharama hiyo peke yake. Kwangu hilo ndilo jibu, kabla ya dona au sembe.

#22 BiStoo
Mwalimu, jiko kuu linafaa mji wenye lami. Chakula cha moto hakisafiri kilomita 25 za barabara ya mvua kikafika kwa wakati. Vijijini kinachoweza kuunganishwa ni ununuzi: shule 6 za kata moja, zabuni moja, sampuli moja kwa kila fungu, kisha kila shule inasaga na kupika kwake.

Bado niko kwenye dona, kwa masharti ya #3, #6 na #9. LisheKwanza, ukinionyesha sembe yenye virutubisho inayofika kijijini bila kuongeza theluthi ya bei nitasikiliza.

#23 Kigali Kwetu
Mbona mnachagua kati ya mbili tu? Rwanda shule zimeanza kupata unga wa nafaka nzima ulioongezwa virutubisho. Ganda na kiini vinabaki, na chuma, zinki na vitamini B vinaongezwa juu. Anayepinga dona kwa sababu ya B12 na anayepinga sembe kwa sababu ya bei wote wanapata kitu.

Sharti lake ni kali: kinu kinapima sumukuvu kwenye kila shehena ya mahindi kabla ya kusaga, na unga unatumika haraka. Bila hayo mawili ni dona ya kawaida yenye bei kubwa.

#24 Fundi Kinu
#23, vinu vidogo vinaweza. Kuna kifaa cha kudondosha mchanganyiko wa virutubisho, kinafungwa juu ya mdomo wa mashine na kinapima kufuata kasi ya mahindi yanayoingia. Kinachoharibika ni usimamizi. Mchanganyiko ukiisha, mashine inaendelea kusaga na pakiti inaendelea kubeba alama. Kamati imwombe mwenye kinu daftari la mchanganyiko: gramu ngapi zimetumika kwa kilo ngapi za mahindi. Zisipolingana, alama kwenye mfuko ni rangi tu.

#25 Mzazi Darasa la Nne
Swali la haraka. Vidonge vya kuua wadudu stoo, vinaruhusiwa shuleni?

#26 Mizani Sawa
#25, vidonge vya fostoksini ni gesi ya kuua, na inaua watu. Visitumike kabisa kwenye stoo inayopakana na darasa, bweni au chumba cha mpishi. Anayefukiza awe na leseni, rundo lifunikwe turubai lisilopitisha gesi, stoo ifungwe siku 5 hadi 7 na kupitishwa hewa kabla ya mtu kuingia. Fanyeni likizo au msifanye.

Kwa shule naona mifuko isiyopitisha hewa inafaa zaidi: mifuko miwili ya plastiki ndani, kiroba nje, kila mmoja unafungwa peke yake, hewa ikitolewa. Wadudu wanakufa kwa kukosa pumzi, hakuna dawa. Ila mahindi yaingie makavu, maana mfuko huo hauondoi sumukuvu iliyokwishaingia. Tundu moja la panya linaharibu kazi yote. Wekeni juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani, ili mtu apite nyuma na fagio.

#27 Babu Kapu
Tumefika kwenye panya sasa. Afisa Manunuzi, sampuli inachukuliwaje? Mzabuni wetu anafungua gunia moja la juu anatuonyesha, mahindi meupe kama meno.

#28 Afisa Manunuzi
Babu, hilo la juu limeandaliwa. Ninyi ndio mchague magunia. Mzigo wa magunia 10 au chini ya hapo, chomeni yote. Magunia 54, chomeni 10 mpaka 15, ya juu, ya katikati na ya chini, hata kama ni kushusha rundo. Tumieni bambo (chuma chenye ncha cha kuchotea sampuli) refu linalofika kiini cha gunia. Chomeni pande tatu: juu, ubavuni, chini. Kila mchomo umwagwe kwenye sinia, angalieni rangi na harufu, kisha vyote viende kwenye ndoo moja mpaka mfikishe kilo 5.

Changanyeni, gaweni mafungu manne, tupeni mawili yanayotazamana, changanyeni tena, mpaka mbaki na kilo 2 na ushee. Gaweni mara mbili: moja ya maabara, moja ifungwe, itiwe sahihi ya mzabuni na ya kamati, ibaki stoo hadi malipo. Ya maabara isagwe yote kabla ya kupimwa. Ukipeleka kiganja cha punje, unaweza kupata sifuri kwenye mzigo mbaya.

#29 LisheKwanza
Na gharama ya kipimo iwekwe ndani ya bei ya zabuni, irudishwe kwa shule fungu likishindwa. BiStoo, fungu likifaulu kipimo hicho, pingamizi langu la kwanza linaondoka. La B12 na chuma bado liko palepale.

#30 BiStoo
La B12 nina dagaa. Gramu 10 za unga wa dagaa kwa mtoto, mara tatu kwa wiki, ni kilo 4 kwa siku ya mlo. Wawe waliokaushwa kwenye chanja, wa mchangani wanasaga meno. Nani ana bei ya jumla ya Mwanza wiki hii?

#31 Mwalimu Ukambani
Omena (ndio dagaa kwetu) huku watoto hawali kichwa. Sageni laini sana, muichanganye kwenye mchuzi wa maharage dakika tano kabla ya kuepua.